Nywele kutoka baada ya kujifungua: usinyoe kwanza

Dada wa mtaa wa Umoja, umesema mtoto ana miezi minne, kila ukichana nywele zinajaa kwenye chanuo, na sasa unataka kunyoa. Ngoja kwanza. Mimi yalinikuta na kifungua mimba wangu, hadi shimo la maji bafuni likaziba.

Kila unywele hukua miaka 2 hadi 7, kama sentimita 1 kwa mwezi, kisha hupumzika miezi kama 3 na kuanguka. Ukiwa mjamzito, homoni huchelewesha mapumziko hayo, ndiyo maana kichwa kilijaa vile. Ukishajifungua, nyingi huenda kupumzika kwa pamoja, halafu zinaanguka kwa mkupuo. Mzizi uko hai. Kwa wengi hali hurudi sawa kabla mtoto hajatimiza mwaka.

Kinachonitia wasiwasi ni zile rasta ulizosukwa juzi. Ukienda tena Kenyatta Market, mwambie msusi asikaze. Ukiona vipele kwenye paji, au usingizi hauji kwa maumivu, fumua usiku huohuo, hata kama umelipa. Nywele za pembeni zikivutwa miaka na miaka, huenda zisirudi kabisa. Pesa ya mafuta ya kukuza nywele nunulia maharagwe, terere (mchicha) na mayai.

Kama unachoka kupita kiasi, au ulivuja damu nyingi ukijifungua, omba upimwe damu, madini ya chuma na tezi ya shingo. Ukiona kipara cha mviringo, au ngozi ya kichwa ina magamba na usaha, mwone daktari wa ngozi.