Maswali na majibu: Kulala kwenye hema msimu wa masika

Mvua zimeanza, wageni kutoka nje wamepungua, na maswali ya kupiga kambi yamejaa. Nafurahi, kwa sababu nimesema miaka yote kwamba masika ndiyo wakati wa wenyeji: kempsaiti za umma zina nafasi, majani ni mabichi, vumbi hakuna. Lakini maswali mengi yanaonyesha watu wanadhani kambi tupu ni kambi rahisi. Sivyo. Mwezi wa nane ukisahau tochi au kamba, jirani anakuazima. Mwezi wa nne huenda jirani hayupo kabisa, na askari wa hifadhi yuko mbali, getini. Yasomeni majibu haya mkilijua hilo.

Hivi kempsaiti za hifadhi hufungwa masika? (Msomaji, Dodoma)

Kambi za umma zilizo karibu na geti au makao makuu ya hifadhi kwa kawaida hubaki wazi. Zinazofungwa ni nyingi za watu binafsi, hasa kusini na magharibi, kama Nyerere na Katavi, ambako wenye kambi huondoka Aprili na Mei. Swali lenye maana zaidi ni la barabara. Mikumi, kwa mfano, lami ya kutoka Morogoro kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi, kwa hiyo kufika getini si kazi. Kazi iko kwenye uwanda wa Mkata, wenye udongo mweusi wa mbuga. Ukishalowa, hata Land Cruiser huzama. Unaweza kulala vizuri kambini na usione nusu ya hifadhi.

Piga simu getini siku moja kabla ya safari na uulize barabara zipi zinapitika sasa. Jibu la wiki iliyopita halina kazi. Na mvua za nchi hii hazifanani: kaskazini kuna masika ya Machi hadi Mei na vuli mwishoni mwa mwaka, lakini Ruaha ina msimu mmoja mrefu unaoishia karibu na Aprili. Mei, Arusha kukiwa bado tope, Ruaha inaanza kukauka. Anayeweza kuchagua, achague kwa kalenda ya mvua, si kwa kalenda ya sikukuu.

Kulala ni shilingi ngapi? (Wasomaji wengi sana)

Jamani. Viwango hutangazwa na TANAPA kwa hifadhi za taifa, na Ngorongoro ina mamlaka yake yenye viwango vyake. Ni kazi ya dakika tano kuvitafuta, na hubadilika, kwa hiyo sitaandika tarakimu hapa ili mwakani mtu aende nazo getini kubishana.

Mnachopaswa kukijua ni hiki. Ada ya kuingia na ada ya kambi ni vitu viwili, na gari lina ada yake. Kibali kinahesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo ukiingia saa nne asubuhi panga kutoka kabla ya saa nne. Fedha taslimu hazipokelewi. Unapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu, benki au kadi. Mvua ikipiga mtandao husumbua, basi maliza malipo ukiwa bado mjini. Na beba kitambulisho cha taifa. Kila msimu watu hukwama getini wakijieleza kwa Kiswahili fasaha kwamba wao ni Watanzania. Kiswahili si kitambulisho, na bei ya mgeni ni ya dola.

Hema langu la watu wanne nililinunua Kariakoo na linavuja. Ninunue la aina gani? (Msomaji, Mwanza)

Kabla ya kununua, tujue linavuja wapi. Mahema mengi ya bei nafuu yana kifuniko cha juu kifupi, kinachofika katikati ya ukuta kama kofia. Hilo ni hema la kiangazi. Mvua ya masika haianguki wima, inasukumwa na upepo, na itaingia ubavuni hata kama kitambaa ni kizuri. La mvua lina kifuniko kinachoshuka hadi karibu na ardhi pande zote, na kati yake na hema la ndani kuna nafasi ya kupitisha mkono. Tazama pia kiwango cha kuzuia maji, kinachoandikwa kwa milimita. Kwa mvua zetu mimi nataka 3,000, na sakafu izidi hapo.

Kisha kagua mishono. Geuza kifuniko ndani nje: mshono uliozibwa una utepe mwembamba unaong'aa uliobandikwa juu yake. Kama huuoni, au umeanza kubanduka, nunua gundi ya kuzibia mishono, ipake, iache ikauke siku nzima. Mahema mengi yanayotupwa yangepona kwa gundi hiyo.

Sasa turubai la chini, ambalo karibu kila mtu hulikosea. Watu hutandika turubai kubwa kuliko hema, kingo zinabaki nje. Mvua ikinyesha, maji yanatua kwenye kingo zile, yanateleza ndani, yanakaa kati ya turubai na sakafu. Saa nane usiku unakanyaga sakafu na inacheza chini ya mguu. Kunja kingo zote ziingie chini ya hema, usione hata inchi moja nje.

Na ukiamka ukakuta matone upande wa ndani wa kifuniko, usikimbilie kusema hema limevuja. Ni pumzi zenu. Watu wanne waliofunga kila dirisha hutoa mvuke wa kutosha kulowesha mablanketi. Acha matundu ya juu wazi hata mvua inaponyesha. Ndiyo kazi yake.

Lijaribu nyumbani. Lisimamishe uani, kaza kamba zote, pigilia vigingi vikiwa vimeinama na si wima, kisha lipige maji ya mpira kwa nusu saa mtu akiwa ndani na tochi. Usiku wa kwanza wa hema jipya haupaswi kuwa Serengeti.

Shikamoo. Tunakwenda Ngorongoro mwezi wa tano na watoto. Nasikia baridi ni kali. Tunaweza kuingiza jiko la mkaa kwenye hema likishapunguza moshi? (Mama wa watoto watatu, Arusha)

Marahaba, mwanangu. Hapana. Hapana hata kwa dakika kumi, hata zipu ikiwa nusu wazi, hata mkaa ukiwa umefunikwa na majivu.

Swali hili linarudi kila mwaka, na kila mwaka lina neno hilohilo: moshi. Kinachoua si moshi. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Jiko ambalo moshi wake umeisha ndilo la hatari zaidi, kwa sababu linaonekana salama. Kichwa kinaanza kuuma, unasikia kichefuchefu, unadhani ni uchovu wa safari, unalala. Mtoto huzidiwa haraka kuliko mtu mzima.

Niliwahi kuwa kwenye kambi moja ya milimani, mvua inanyesha, tukasikia mtu anatapika. Tulipofungua hema lao tulikuta vijana watatu, wawili wamelala hawaitiki, na katikati yao jiko dogo lenye majivu meupe. Ukilitazama ungeapa limezimika. Ulipoweka mkono juu yake ulihisi joto. Tuliwaburuta nje kwenye mvua wakazinduka, kwa sababu tu kambi haikuwa tupu. Wangekuwa peke yao, kama mtakavyokuwa ninyi mwezi wa tano, asubuhi yake ingekuwa nyingine. Jiko la gesi nalo ni vilevile: lipikie nje au bandani, kamwe si ndani.

Kuhusu baridi yenyewe: kambi ya Simba iko ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wa masika hulowesha kila kitu. Baridi inayowaumiza watu hutoka chini. Mablanketi matatu juu na mkeka mmoja chini ni mpango mbaya. Weka godoro la povu chini kwanza, ndipo ufikirie blanketi. Watoto walale wamevaa soksi kavu ambazo hazikuvaliwa mchana, na kofia. Wale chakula cha moto karibu na saa ya kulala. Jaza chupa za bati maji ya moto, zifunge kwa fulana, ziweke miguuni. Yote hayo hayahitaji mkaa.

Naruhusiwa kwenda na mbwa wangu? (Msomaji, Tegeta)

Hapana, si kwenye hifadhi za taifa.

Nina IST. Je, masika nisahau kabisa kupiga kambi? (Msomaji, Morogoro)

Usisahau, chagua. Nenda Udzungwa. Geti la Mang'ula liko kando ya barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, kuna kambi karibu, na ndani ya hifadhi hakuna barabara za magari, kila mtu anatembea kwa miguu. Gari lako halina tofauti na la tajiri. Maporomoko ya Sanje, yenye mita 170, yana maji mengi zaidi wakati huu kuliko wakati wowote wa kiangazi. Njia huteleza, kwa hiyo vaa viatu vyenye meno, na msikilize mwongozaji akisema leo hatupandi.

Ninachokuomba ni usijaribu barabara za udongo ndani ya Mikumi au Tarangire kwa sababu umeona picha ya mtu aliyepita na gari dogo. Alipita Agosti.

Tunapanga kulala Hell's Gate, hifadhi ya huku Kenya, Aprili na vijana wa kanisa. Korongo ni salama wakati wa mvua? (Msomaji, Nakuru)

Laleni kambini, korongoni msishuke. Kambi kama Naiburta na Ol Dubai haziko ndani ya korongo, na huko hamna shida kubwa zaidi ya upepo. Korongo la Ol Njorowa ni jambo jingine. Septemba 2019, ambao si hata mwezi wa mvua ndefu, watu 7 walifariki humo baada ya kusombwa na mafuriko ya ghafla. Mvua inanyesha juu huko, mbali, kwako jua linawaka, na maji yanakufikia kati ya kuta nyembamba ambazo hazina pa kupandia. Kiongozi wa vijana asikubali kushinikizwa na mtu anayesema tumelipa, lazima tuone. Kama askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wamefunga njia, imefungwa.

Kwa nchi yoyote ya kwetu, kanuni ya mto ni hiyohiyo. Mchanga laini wa mto mkavu unavutia kulala, na ndipo mahali pabaya kuliko pote Aprili. Mei 2024 mto Talek ulifurika usiku ukaingia kambi nyingi za Maasai Mara, na watu wakaokolewa kwa helikopta. Hizo zilikuwa kambi za kudumu, zilizojengwa na watu wanaoujua mto.

Na kwa kuwa mnatoka Kenya: tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi zenu. Bebeni madumu.

Kwa kuwa kambi ni tupu, tunaweza kuwasha spika usiku? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kambi haiko tupu. Ina bundi, komba, swala waliolala majanini, na kuna familia itakayofika saa kumi na moja jioni wakati wewe umeshajipangia kwamba hakuna mtu. Anayetaka muziki ana Dar es Salaam nzima.

Tulilala Seronera, usiku fisi wakazunguka hema hadi asubuhi na wakaondoka na buti la mume wangu. Tulikosea wapi? (Msomaji, Musoma)

Buti lilikuwa nje, dada. Ngozi yenye jasho kwa fisi ni chakula. Kambi za Seronera, Pimbi, Nyani na nyinginezo, hazina uzio, na watu wakipungua wanyama husogea karibu zaidi. Viatu, mikanda, sabuni, beseni lenye mabaki ya ugali, vyote viingie garini. Chakula kisilale ndani ya hema hata kidogo, na matunda ndiyo mabaya zaidi: tembo hunusa chungwa akiwa mbali, na kitambaa si ukuta kwake. Pikeni na mle kwenye mabanda, mfute meza, taka mrudi nazo.

Haja ya usiku: fungua zipu kidogo, zungusha tochi taratibu usawa wa magoti na usawa wa kifua, tafuta macho yanayong'aa. Ukiyaona, funga zipu, subiri. Ndoo yenye kifuniko ndani ya hema si aibu, hasa mkiwa na watoto. Mradi mmejifungia ndani na hakuna harufu ya chakula, fisi atazunguka na kuondoka.

Siafu wameingia hemani, nifanye nini? (Msomaji, Moshi)

Toka, kung'uta nguo, wapishe. Msafara huisha baada ya saa chache. Kabla ya kupiga hema tazama chini uone kama kuna njia yao, na zipu ifungwe muda wote, mchana pia.

Tukilazimika kuondoka mvua inanyesha, hema lililolowa likunjwe vipi? (Msomaji, Iringa)

Toa vitu vyote, kunja hema la ndani kwanza ukiwa chini ya kifuniko kama muundo unaruhusu, lifunge peke yake. Kifuniko kikung'ute, kiweke kwenye mfuko mwingine. Usivichanganye. Ukifika nyumbani vianikwe siku hiyohiyo kivulini, hata kama ni sebuleni juu ya viti, hadi mishono ikauke kabisa. Hema likikaa siku mbili limelowa linaota ukungu, gundi ya mishono inaachia, na Aprili ijayo utaniandikia kwamba linavuja.