Taa imezama au taa amezama?

SWALI: Nauza samaki Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Juzi mwenzangu ameleta samaki wakavu aina ya taa, wale bapa wenye mkia mrefu, kutoka Tanga, akaandika kwenye kibao: "Taa kavu zipo hapa." Nikamwambia hizo ni za kuwasha, tukabishana hadi jioni. Lipi sahihi? Na mbona ziwani kwetu hatuvui taa wala papa?

JIBU: Umesema kweli, ndugu yangu. Taa samaki huenda na viumbe wenye uhai: taa amevuliwa, taa wawili, taa mkubwa. Kibao kisomeke: "Taa wakavu wapo hapa." Wapo wanaodai kwamba samaki akishakauka na kuuzwa kwa kilo amekuwa kitu, basi achukue upatanisho wa kitu. Siwaungi mkono hata kidogo. Nyie wenyewe hamsemi "sangara kavu imefika". Mnasema sangara mkavu amefika. Taa naye apewe haki hiyohiyo.

Mvuvi wa dagaa huko kwenu, anayetoka usiku wa giza na taa zake zikielea juu ya maji, akisema "taa imezama", pole yake, amepata hasara. Mvuvi wa Tanga akisema "taa amezama", samaki ameshuka zake kujifukia mchangani, ndiko kwao. Kiambishi kimoja tu kimebeba habari yote.

Sasa la ziwani. Papa na taa ni samaki wa gegedu, yaani kiunzi chao si mfupa bali ni kitu laini kama kile cha sikio lako. Sangara akitolewa minofu hubaki mapanki, yaani mifupa yake. Papa hana mapanki ya namna hiyo. Wala usimpasue ukitafuta bondo, kile kifuko cha hewa cha kumsaidia samaki kuelea, hana. Humsaidia kuelea ini lake kubwa lililojaa mafuta. Wengi wao ni wa maji ya chumvi. Iko aina moja ya papa inayopanda mito, Zambezi ukiwamo, na Amazon ina taa wa maji baridi kabisa. Lakini Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya kutokea, mto Nile, ina maporomoko makubwa kama ya Murchison. Hakuna papa wa kuyapanda hayo.

Kwa kumtambua, tazama matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia: ya papa yako ubavuni, ya taa yako chini ya tumbo. Ndiyo maana jina "papa upanga" hudanganya, kwa kuwa samaki huyo mwenye pua ya msumeno ana matamvua ya chini, ni jamaa ya taa. Sishauri tulibadili, wavuvi wamelizoea na wanaelewana. Vilevile sipendi tunapobuni "papa nyangumi" ilhali watu wa kisiwa cha Mafia wana neno lao, potwe.

Mwenzako akirudi Tanga akaleta na mafuta ya ini la papa, yale ya kupaka mbao za vyombo vya baharini, yaitwa sifa. Hayo si kiumbe, kwa hiyo hapo aandike bila wasiwasi: "Sifa ipo hapa."