Usilipe kwanza
Ndugu, kuhusu hiyo barua uliyotumiwa ya kudaiwa pesa za maegesho ya gari: kama uliingia kwenye maegesho hayo mara mbili siku moja na kamera ikahesabu umeegesha saa 6 mfululizo, hilo ni kosa la kamera linalojulikana sana Uingereza. Usilipe! Ukishalipa, rufaa huwa imekwisha. Hiyo si faini ya serikali, ni madai ya kampuni binafsi, hata kama wameipamba ifanane na ya polisi. Waandikie ndani ya siku 28, uambatishe risiti au chochote kinachoonyesha ulikuwa kwingine katikati ya hapo. Wakikataa na wakiwa chini ya POPLA (chombo huru cha rufaa za maegesho ya binafsi), watakupa namba ya kukata rufaa huko, bure. Ila barua usizipuuze, wanaweza kukushtaki mahakama ya madai.