Nyumba ya kustaafia ukanda wa maweni: nipime maji vipi kabla sijatoa pesa?

SWALI: Assalaam alaykum mhandisi. Mimi mwalimu wa skuli, nastaafu mwakani inshaallah, miaka yote hii tunakaa nyumba ya kukodi Mwanakwerekwe, hapa Unguja. Kiinua mgongo changu nataka ninunue pahala shamba tuzeekee mimi na mke wangu. Nimeonyeshwa pahala patatu: nyumba ishajengwa upande wa Makunduchi, hatua kama 80 kutoka baharini, ina kisima chake na dalali anasema maji matamu, nyumba ya zamani Kitogani karibu na barabara, na kiwanja Micheweni, Pemba, kwa wakwe zangu. Watoto wananambia baba unakwenda kuzeeka jangwani, huko mawe matupu maji hakuna. Nichague vipi, na hayo maji nitayajua vipi kama ya kweli?

JIBU: Waalaykum salaam Maalim, na shikamoo. Swali lako nimelisoma mara mbili maana umeuliza kile ambacho wengi wanakuja kuniuliza washanunua, na hapo mtu unakuwa huna la kumsaidia zaidi ya kumpunguzia hasara.

Nianze na hilo la jangwa. Watoto hawajakosea sana, ila sababu si mvua. Mvua kule inanyesha, masika kuanzia Machi mpaka Mei na vuli Oktoba mpaka Disemba, ingawa upande wa mashariki hupata kidogo kuliko magharibi. Tatizo ardhi haiyashiki maji. Maweni na uwanda ni jiwe la matumbawe la zamani limejaa vitundu na nyufa, udongo wake vishimo vishimo tu vya kinongo humo katikati, mvua ikinyesha saa mbili maji yashazama chini yote. Ndio maana huoni mto. Kwa hiyo unakaa kwenye nchi ya mvua lakini unaishi kama mtu wa jangwani, maji yako ni yale uliyoyaweka mwenyewe au yaliyo chini ya jiwe.

Na hayo ya chini ndo nataka uyafahamu vizuri kabla hujamsikiliza dalali. Chini ya kisiwa chetu maji tamu hayajakaa ndani ya tangi, yanaelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta ya taa yanavyoelea juu ya maji kwenye chupa. Wataalamu wa maji wana hesabu yao ya siku nyingi: kila mita 1 ya maji tamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna kama mita 40 za maji tamu nyengine kabla hujaifikia chumvi. Inasikika neema kubwa, lakini igeuze uone. Ukipiga pampu ukayashusha yale maji sentimita 10 tu, chumvi chini inaweza kupanda kuja juu kama mita 4. Sasa hatua 80 kutoka baharini ile tabaka ya maji tamu ni nyembamba tangu asili, afu jirani kuna nyumba za wageni zina pampu zinafanya kazi usiku na mchana. Kisima kinaweza kuwa kitamu miaka 20 na kikageuka ndani ya miaka miwili na hakuna mtu aliyekigusa.

Nakwambia hivi kwa uchungu kwa sababu nilishawahi kumpotosha mtu. Mzee mmoja alinichukua nikamkagulie nyumba huko kusini, ilikuwa mwezi wa Mei, masika imeshika, nikateka ndoo nikaonja, maji kama ya mvua, nikamwambia nunua. Februari yake akanipigia simu, nikaenda. Mkewe akanifungulia kifuniko cha birika la chai akanionyesha ndani, ukoko mweupe mnene kama ganda la yai, akaniinamishia na ule mdomo wa birika nao ulikuwa umeziba nusu. Chai aliyonimiminia ilikuwa na chumvi na yeye alikuwa ashazoea haisikii tena. Yule mzee ana presha. Tangu siku ile mimi simkagulii mtu kisima wakati wa masika, akitaka na asubiri.

Kwa hiyo la kwanza, Maalim, usinunue mpaka upite kiangazi. Kama unastaafu mwezi wa 6 bas huna haraka, una mwaka mzima. Nenda Februari, mwisho wa kaskazi, jua limekausha, hapo kisima kitasema ukweli wake. Na katika Februari hiyo chagua siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwezi mwandamo, usiende siku za maji mafu. Pima chumvi ya kisima bahari ikiwa imejaa, kaa hapo hapo, kunywa madafu, zungumza na majirani, pima tena bahari ikiwa imekupwa. Kisima kikiwa na njia ya bahari chini kwa chini utaona namba ya chumvi inapanda na kushuka na maji ya bahari.

Kupima kwenyewe si kazi kubwa. Mafundi wa visima wengi wanacho kile kipimo kidogo kama kalamu, unachovya kinakusomea miligramu za chumvichumvi kwa lita. Ikipita 1,000 maji yanaanza kukataa kunyweka, na mimi kwa nyumba ya wazee nataka iwe chini ya hapo sana, 500 au 600. Soma mara ya kwanza, afu washa pampu iachie saa mbili, soma tena. Kama ilianza 600 ikafika 1,100 bas ushajua, hicho kisima ukikitumia kama binaadamu wa kawaida kitakukimbilia chumvini. Huna kipimo? Chukua sabuni ya kufulia, osha mikono kwa maji yale, ikikataa kutoa povu ujue maji magumu, japo sabuni haikwambii kila kitu. Na omba uingie jikoni kwa jirani utizame birika lake la chai. Jirani hana cha kuuza.

Kisha chukua chupa safi upeleke maabara wakapime vijidudu, maana hapa kuna jambo jengine linalofichwa na utamu. Kwenye udongo wa kawaida tunasema karo la choo liwe mita 30 mbali na kisima, udongo unachuja. Kwenye maweni hauna mchujo, uchafu unaingia kwenye ufa na unaweza kutokezea kisimani kwako au kwa jirani bila ya kupita kwenye kitu chochote cha kuusafisha. Maji yanakuwa matamu, meupe, na yana maradhi. Kwa hiyo uliza karo liko wapi, la kwako na la jirani pia, na uliza kama limejengwa chini yake kwa zege au ni shimo tu wamelichimba kwenye jiwe wakaliacha. Ukiambiwa "halijawahi kujaa tangu lijengwe" mtu anakusifia, lakini wewe ujue linavuja.

Sasa nyumba yenyewe. Ile ya hatua 80 mimi naiogopea kitu kimoja zaidi, nondo. Watu waliojenga pwani kwa kubana matumizi walichota mchanga wa ufukweni, una chumvi, chumvi inakula nondo ndani kwa ndani, nondo ikishika kutu inavimba na kupasua zege. Ingia na tochi, tizama dari kwa chini hasa jikoni na chooni, tafuta mistari ya kutu rangi ya chai na nyufa zinazofata njia ya nondo. Gonga kwa kipande cha mbao, ikilia tupu kama debe hapo zege lishaachana na chuma. Kwenye kuta tizama chini futi mbili tatu kutoka sakafuni kama kuna shura, ule unga mweupe, na kama wamepiga rangi mpya chini tu juu wameacha ya zamani uliza kwanini. Mabati nayo upande unaopigwa na kusi huoza mwanzo, panda ngazi uyaone kwa macho.

Karatasi nisiende nazo sana maana utahitaji wakili, ila haya matatu usiyaache. Ardhi ya Zanzibar ni ya serikali tangu baada ya Mapinduzi, wewe unachonunua ni haki ya kuitumia na vilivyo juu yake, kwa hiyo barua ya sheha, yaani kiongozi wa shehia, peke yake haikutoshi, pita Kamisheni ya Ardhi uone imesajiliwa kwa jina la nani, na mauziano yapite Bodi ya Uhaulishaji Ardhi kwa mujibu wa sheria Na. 8 ya 1994. Pili warithi, wote, na dada walioolewa mbali pia, nishaona nyumba imenunuliwa kwa ndugu watatu wa kiume na baada ya miaka 5 anatokea shangazi kutoka Mombasa na ana haki yake. Tatu uwanda: kwa mila za kusini uwanda ulikuwa wa mji mzima, mtu anafyeka analima mtama wake au mihogo afu anauwacha upumzike, haikuwa yake ya kuuza. Siku hizi unauzwa. Kaa na wazee wa pale uwaulize bila haraka. Na minazi iliyopo uulize ya nani, kwetu ardhi inaweza kuwa ya huyu na mnazi wa yule.

Haya, pahala patatu pako. Ile ya baharini mimi ningeiacha. Upepo mzuri, na najua moyo umeshaupenda, lakini umri wa miaka 60 kwenda juu hautaki kugombana na chumvi kila mwaka, leo bomba limeziba kesho bati limetoboka. Unaweza kwenda Makunduchi na daladala ya namba 310 ukakaa pwani kutwa nzima na jioni ukarudi kwako.

Kitogani ndo naipa nafasi ya mwanzo kwa hali yako. Uko mbali na bahari kwa hiyo chini kuna unafuu, uko kwenye njia panda ya kwenda Paje na Makunduchi gari hazikosekani, na hospitali ya wilaya iko hapo hapo, hilo ukiwa na miaka 70 saa 8 usiku utaliona thamani yake. Nyumba ya zamani isikutishe, kama kuta ni za mawe na chokaa na zimesimama wima, kubadilisha paa ni rahisi kuliko kutibu zege lililooza. Uliza maji ya bomba ya ZAWA, Mamlaka ya Maji Zanzibar, yanatoka siku ngapi kwa wiki, umuulize mwanamke anaeteka, yeye ndo anaeamka kuyangoja.

Micheweni ina neema moja ambayo mimi siwezi kuipima, nayo ni wakwe. Mtu mzima akiugua anahitaji mtu wa kumpikia uji. Kama mkeo moyo wake uko kwao usimlazimishe Kitogani kwa sababu ya mhandisi. Lakini ujue upande ule wa Pemba si ile Pemba ya mikarafuu na mabonde, ni mawe na ukame unaujua, kwa hiyo ukijenga huko anza na birika la kuchimba la kuwekea maji ya mvua kabla ya msingi wa nyumba. Hesabu yake rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 120, mvua ya milimita 10 inakupa lita 1,200, toa zinazomwagika utabakiwa na kama 950. Nyinyi wawili na mjukuu mmoja mtumie lita 150 kwa siku, ndoo 7 au 8, kiangazi cha siku 90 kinataka lita 13,500. Chimba birika la mita 3 kwa mita 2 na nusu kwenda chini mita 2, linachukua lita 15,000. Lifunikwe kabisa, tundu la kupumulia litiwe wavu wa mbu, na mvua ya mwanzo ya kuosha paa iache imwagike nje isiingie.

Hata Kitogani mimi ningelijenga hilo birika, dogo hata la lita 8,000. Unakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima haina umeme, pampu zimelala, watu wenye mabirika ya zamani ndio waliowatekea majirani zao.

Pesa usizimalize kwenye ununuzi, Maalim, bakisha kama robo kwa paa, karo na birika, hizo ndizo kazi za mwaka wa kwanza. Na dalali akikuhimiza utie advansi mwezi huu kwa kuwa kuna mtu mwengine anakuja kutizama, mwambie Februari nitakuja na kipimo, kama nyumba bado ipo tutazungumza. Ukishapata zile namba mbili za bamvua niletee nizione, na uniambie na pampu iliwashwa saa ngapi.