Soda niliyonyimwa msibani

Mhariri, mmeuliza eti sisi wenye kisukari tunaochoma insulini tunafuata masharti ya chakula kwa kiasi gani. Mi nachoma tangu 2008, nikiwa darasa la saba, na nawaambia hivi, masharti wanayashika wale wanaotuzunguka, tena wameyashika kuliko sisi.

Mwaka juzi tulikuwa na msiba Muheza. Asubuhi saa moja nikachoma, nikanywa uji na kipande cha muhogo. Insulini yangu ni ile ya mchanganyiko, 30/70, yaani thelathini ya haraka na sabini ya polepole, na hiyo ya polepole ukichoma asubuhi inakuja kupamba moto mchana, sasa mchana ukichelewa kula sukari inashuka, imekula kwako. Nikauliza jikoni, wakasema saa saba wali unapakuliwa. Sawa. Kumbe kuna kaka yuko njiani anatoka Dar, mazishi yakasogezwa, na wali nao ukasogezwa, mi niko kwenye mbuzi nakuna nazi, ya tatu, ya nne, nimeona aibu kuacha maana wenzangu wote wanafanya kazi. Saa nane na nusu mikono inatetemeka, jasho linanitiririka mpaka kwenye kifuu, maneno hayatoki vizuri. Wakadhani uchungu wa marehemu! Wakaanza kunipepea na kanga, pole mwanangu, kazi ya Mungu. Kreti za soda ziko pale ukutani naziona. Nikamwambia shangazi naomba soda.

"Weye na kisukari chako soda ya nini? Wataka kututia msiba wa pili?"

Akaniletea maji ya baridi, kwa upendo kabisa.

Aliyeniokoa ni mtoto wa miaka minne hivi, alikuwa na chupa yake ya orenji imebaki nusu, ndani yanaelea makombo ya biskuti. Nilimpokonya. Yeye analia, mi nakunywa, watu wananitazama kama nimerogwa. Baadaye kidogo akili imerudi nikapima sukari, 2.6, na hiyo ni baada ya kunywa, wakati kushuka chini ya 4 tu tayari ni hatari. Wali tulikula karibu saa kumi.

Shangazi wala simlaumu sana, nailaumu ile karatasi ya masharti ya chakula ya kliniki. Soda imepigwa alama ya X nyekundu kubwa, ila kwamba sukari ikishuka soda hiyohiyo ndiyo dawa, pale hakuna. Halafu imechorwa tufaha, Muheza, kwa watu wa machungwa! Na ugali "kiasi cha ngumi", ngumi ya nani? Kwetu sinia moja mikono mitano, nani anapima?

Ila sasa nikiwa naandika hapa nimekumbuka daftari langu la vipimo, ile siku moja kabla ya kliniki nalijaza lote usiku, natumia peni mbili ya bluu na nyeusi ionekane ni siku tofauti. Stripu za kupimia sukari ni ghali kweli, napima mara mbili kwa wiki, lakini zile nane na saba zote za daftarini nazitoa kichwani, na hilo si kosa la karatasi. Kwa hiyo mkitaka jibu la swali lenu lenyewe, hatufuati, au niseme mi sifuati, wenye kalamu za insulini na vile vifaa vya kubandika mkononi vya kupima sukari wajisemee wenyewe. Na wa sukari ya ukubwani wasiochoma wasinisome vibaya wakaenda kunywa soda, mi naongelea kushuka tu.

Shangazi siku hizi ana soda moja kabatini kwake, imeandikwa jina langu kwa makapeni, hakuna anayeigusa. Kaimati za Idi bado ananificha, na hapo yuko sahihi, maana kaimati mi nikianza sihesabu.