Mama wa mtoto wa hemofilia naye huvuja damu

Mama wa Kadutu, Bukavu, unauliza kwa nini jino lililong'olewa lilikutoa damu siku mbili, na munganga alisema hemofilia, ugonjwa wa kurithi wa damu isiyoganda vizuri, ni ya kijana wako, wewe umeibeba tu. Hiyo "tu" inanikera. Una kromosomu X mbili, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli: moja nzima, nyingine yenye kasoro ya hemofilia. Ulipokuwa mimba changa tumboni mwa mama yako, kila seli ilizima moja bila kuchagua, jinsi mwanasayansi wa urithi Mary Lyon alivyoeleza mwaka 1961. Kama nyingi zilizima ile nzima, protini ya kugandisha damu inapungua. Mtazame paka jike wa mabaka meusi na ya chungwa: hesabu ni hiyohiyo, ila kwenye manyoya; rangi ya baka hufuata X ambayo seli zake hazikuizima. Omba upimwe faktari ya 8 au ya 9, yaani ile protini ya kugandisha damu inayompungukia kijana, kabla ya upasuaji wowote au kuzaa tena. Aspirini achana nayo.