Nilipie muziki wa losilesi au nitaunguza bando tu?

SWALI: Habari za kazi dada, mi niko Tanga. Nasikiliza muziki kwenye simu asubuhi mpaka usiku, taarab za zamani na bongofleva, na hedifoni zangu ni hizi zisizo na waya. Rafiki yangu anasema Spotify ya bure inaharibu sauti, eti nihamie Apple Music kwa sababu ina losilesi. Bando lenyewe nanunua la wiki. Nilipie ipi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Salama mdogo wangu. Kabla hujatoa hata mia, angalia hizo hedifoni kwanza. Losilesi ni faili ambalo halijapunguzwa kitu, Apple Music wanayo tangu 2021 bila kuongeza bei na Spotify wameanza kuwaletea wanaolipia mwaka 2025. Sasa Bluetooth ya kawaida haipitishi mzigo wote ule, simu inaubana tena muziki ndo iurushe masikioni, kwa hiyo utashusha faili kubwa halafu hutapata faida yake. Hiyo inataka hedifoni za waya.

Na bando je? Kwa hesabu za Apple wenyewe wimbo wa dakika 3 wa ubora wa juu wa kawaida ni kama MB 6, losilesi ni MB 36. Nyimbo 20 tu kwa siku ni MB 720, hilo bando la wiki litafika wapi?

Kuhusu Spotify ya bure rafiki yako kaonea kidogo. Ya bure inafika kilobiti 160 kwa sekunde (zikiwa nyingi sauti inakuwa safi zaidi) na ya kulipia 320 ukiacha hiyo losilesi, ila ikiachwa ijichagulie yenyewe, mtandao ukiyumba inashuka, na ngazi ya chini kabisa ni 24. Juzi nilikaa na taarab moja na hedifoni za waya nikapanda ngazi kwa ngazi: kwenye 24 ganuni ilikuwa kama inapigwa ndani ya ndoo, kwenye 96 imetoka ila fidla zimeshikana, na kati ya 160 na 320 tofauti niliipata sehemu moja tu, pale ganuni inaponyamaza na mlio wake unakufa polepole. Basi ingia kwenye setingi uweke 160 mwenyewe.

Mi ningekuwa wewe ningelipia, lakini si kwa ajili ya losilesi. Ningelipia ili nishushe nyimbo kwenye waifai ya mtu nizisikilize wiki nzima bila kugusa bando, maana ya bure hairuhusu kushusha nyimbo. Apple au Spotify, kwa hedifoni zako hutaona tofauti, chagua yenye taarab zako nyingi, na Boomplay, apu nyingine ya muziki, pia ipekue kabla hujaamua.

Halafu hizo za zamani, Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alirekodi Bombay mwaka 1928, kwa hiyo ukisikia mikwaruzo humo ni ya santuri, hakuna apu ya kuilipia ikaondoka.